Uongo Mmoja wa Minda

Minda hakusema uongo. Alijiwekea kanuni hiyo akiwa msichana wa miaka kumi na minne, siku alipokubaliwa katika nyumba ya sala, na aliishika kwa miaka ishirini na minne. Wengine waliahidi vivyo hivyo mbele ya wazee, kisha wakatafuta mianya. Minda hakutafuta mwanya.

Wapo wanaodhani kwamba mtumwa aliyesema kweli daima lazima alikuwa kibaraka wa bwana wake. Wanakosea. Minda alikuwa na njia yake, na njia hiyo ilimtoa damu. Alipoulizwa jambo ambalo lingemponza mwenzake, alijibu, "Ninajua, Bwana, wala sitasema." Hakujifanya hajui. Mwaka mmoja nguruwe wa bwana alipotea na harufu ya nyama ikatambaa mtaa mzima wa vibanda. Minda akaulizwa, akajibu maneno yake yale yale, akachapwa viboko ishirini, na kesho yake akarudi kazini. Walioila nyama hawakuweza kumtazama usoni. Mmoja wao, jirani yake Phibby, alimletea mguu wa nguruwe huyo huyo, ameuficha ndani ya boga.

"Mwanamke wewe," Phibby alimwambia, "si ungesema tu hujui? Neno moja. Ningekuwa mimi ningemwambia nguruwe kaota mabawa."

"Ndiyo maana hakukuuliza wewe."

Minda aliula ule mguu. Hakuwahi kuahidi kwamba hatakula.

Kazi yake ilikuwa kuchambua pamba. Pamba ya visiwa vyetu ilikuwa ndefu na laini kama hariri, na haikuvumilia uchafu. Kabla haijapelekwa kwenye mashine ya kutoa mbegu, wanawake walikaa chini katika ghala, lundo likiwa mbele yao, wakatenga nyeupe na ya njano, wakitoa majani na vijiti. Minda ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Kila kapu lilipita mkononi mwake, na akisema hii ni ya daraja la pili, Bwana Averett, mwenye shamba, aliandika daraja la pili bila kuinama kutazama. Alimwamini kama watu wanavyoamini mizani. Hilo lilikuwa moja ya mabaya ya utumwa: hata unyofu wa mtu uligeuzwa mali ya mwingine.

Mumewe, Limus, alikuwa mtumwa wa bwana mwingine, shamba la ng'ambo ya mkono wa bahari. Alikuja Jumamosi jioni kwa mtumbwi wake, akiwa na karatasi ya ruhusa, na kuondoka Jumapili baada ya sala. Ndoa yao ilikuwa hivyo kwa miaka kumi na saba. Walikuwa na mtoto mmoja aliye hai, Rinah, msichana wa miaka kumi na sita aliyeshona nguo katika nyumba kubwa ya bwana. Binti wa Averett alikuwa aolewe mjini Charleston siku za Krismasi, na Rinah alihesabiwa pamoja na mashuka na vikombe vya harusi. Minda alijua hivyo tangu Agosti. Tangu mwezi huo hakuimba kazini.

Basi ikafika ile Alhamisi ya Novemba mwaka 1861, ambayo kisiwani kwetu inaitwa Siku ya Mizinga.

Manowari za Kaskazini, iliyokuwa ikipigana na majimbo ya Kusini yenye watumwa kama letu, zilikuwa zimefika kwenye mlango wa bahari wa Port Royal, na asubuhi zikaanza kupigana na ngome. Madirisha ya nyumba kubwa yalitetemeka. Bata walikimbilia chini ya jiko. Katika ghala la pamba wanawake waliendelea kuchambua, lakini masikio yalikuwa nje. Mtu alitenga ya njano akairudisha kwenye nyeupe, na Minda, ambaye siku nyingine angemrushia usoni, hakuona.

"Ni radi?" akauliza bibi mmoja mzee.

"Mbingu imetakata kama pamba ya daraja la kwanza," Phibby akasema. "Radi itoke wapi?"

"Basi ni mwisho wa dunia."

"Kama ni mwisho wa dunia, mbona msimamizi ndiye wa kwanza kutimka? Yule alikuwa hakosi kanisani hata akiwa na jino bovu."

Walicheka wakiziba midomo. Ilikuwa kweli. Msimamizi mzungu alikuwa ameonekana alfajiri akipita shambani juu ya nyumbu, bila tandiko.

Siku mbili kabla, Averett alikuwa amewakusanya watu wote uwanjani na kuwaambia kwamba Wayankii, yaani hao watu wa Kaskazini, wana pembe, kwamba wakifika watawafunga kamba na kuwauza Kuba. Watu walisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa. Kisha Phibby akainua mkono kwa adabu nyingi.

"Bwana, samahani. Kama wanakuja kutuuza sisi, wewe unafungasha vitu kwa nini?"

Hakuna aliyecheka pale. Walikwenda kucheka kwenye mahindi.

Saa nane mizinga ikanyamaza. Kimya hicho kilitisha kuliko kishindo. Halafu mpanda farasi akapita njia kuu akipaza sauti kwamba ngome zimeanguka, wazungu wote wahame kabla manowari hazijaingia mtoni. Muda si muda Rinah akaingia ghalani mbio, kastabini ya kushonea bado iko kidoleni.

"Mama, wanakwenda. Mke wa Bwana na watoto wamepakiwa kwenye gari la farasi, wamekwishaondoka. Bwana anatafuta kofia, na kofia iko kichwani kwake."

"Na wewe?"

"Sisi tunakwenda naye kwa tishali, kutoka diko la mbele, pale pa kupakilia. Ameandika watu kumi na mmoja, vijana watupu. Jina langu liko juu." Alishika pumzi. "Anasema anatupeleka bara, mbali na pwani. Hasemi wapi."

Minda alisimama. Wanawake waliokuwa naye walisema baadaye kwamba hawakuwahi kumwona akisimama upesi namna ile. Alichungulia mlangoni. Maji yalikuwa yameanza kupwa. Tishali lile la kubebea marobota lilikuwa zito, na baada ya saa mbili lingekaa kwenye tope kama kiboko, lisiondoke hadi usiku. Averett alikuwa na saa mbili. Akizikosa, amewakosa. Akizipata, Rinah atakwenda mahali ambapo mama hatakujua hata jina.

"Waite wenzako kumi," Minda akasema. "Waje mmoja mmoja, na kapu kichwani, kama wanaoleta pamba. Asikimbie mtu."

Lundo la ghala lile lilifika karibu na paa, mavuno yote ya Oktoba, hayajaingia mashineni. Vijana walipofika, Minda aliwaingiza ndani ya lundo, akaegemeza vichwa vyao ukutani, akamfunika kila mmoja uso kwa kapu la nyasi ili apate pa kupumulia, kisha wanawake wakamwaga pamba juu, mikono kumi kwa pamoja, wakicheka. Furaha yao ilikuwa ya watu wanaoiba, na safari hii walikuwa wanaiba watoto wao wenyewe.

"Shangazi Phibby, inawasha," ikasema sauti ya msichana kutoka ndani ya pamba.

"Itakuwasha zaidi huko bara. Nyamaza."

"Vumbi limeniingia puani."

"Piga chafya leo, kesho utapigia chafya kwenye shamba la mgeni. Chagua."

Hawakuwa wamemaliza kukaa sawasawa pale Averett alipoingia. Alikuwa na bastola mkononi na matope hadi magotini. Aliwakuta wanawake kumi na wawili wamekaa chini, wakichambua kwa utulivu ambao kwa siku kama ile ulikuwa wa ajabu. Angekuwa na akili zake angetambua. Alizungusha macho ghala zima, kisha akamwendea Minda moja kwa moja.

"Rinah yuko wapi? Wako wapi wote?"

Minda alikuwa na kipande cha pamba kati ya vidole. Jibu lake la siku zote lilikuwa tayari mdomoni: ninajua, wala sitasema. Lakini jibu hilo lilikuwa limeharibika siku ile. Averett alimjua. Minda akisema "sitasema," amekwisha kusema. Angejua kwamba wako karibu, na uma wa kupakulia majani ya farasi ulikuwa umesimama pale mlangoni. Angelidunga lundo kwa uma huo mara tatu tu na kila kitu kingekwisha. Miaka ishirini na minne ya kweli ilikuwa imeufanya ukimya wake uwe kweli pia.

"Minda," Averett akasema, na sauti yake ilikuwa karibu ya kuomba, "wewe hujawahi kunidanganya."

"Sijawahi, Bwana."

"Basi niambie."

Nyuma yake, ndani ya lundo, pamba ilishuka kidogo. Phibby akaanza kukohoa kwa nguvu, akakohoa kama mtu mwenye kifaduro, akijipiga kifua.

"Wamekwenda diko la nyuma, Bwana," Minda akasema. "Walisikia tishali litapakia kule."

"Rinah naye?"

"Rinah ndiye aliyetangulia."

Averett hakuuliza zaidi. Hilo ndilo la kuangalia. Mtu yeyote mwingine wa shamba lile angetiliwa shaka, angeshikwa shingo, angetishwa na bastola. Minda aliaminiwa papo hapo. Bwana aligeuka akatoka mbio kuelekea msituni.

Diko la nyuma lilikuwa upande wa pili wa kisiwa, mwendo wa karibu saa nzima kwa njia yenye mchanga. Minda alilichagua kwa kuwa alilijua. Ndipo Limus alipofunga mtumbwi wake kila Jumamosi, na siku nyingine zote hapakuwa na kitu ila nyasi za kinamasi na ndege. Ilikuwa Alhamisi.

Wanawake waliendelea kuchambua mpaka mlio wa miguu ulipopotea. Kisha Phibby akapangusa macho.

"Hata mimi nimemwamini," akasema. "Nilitaka kuinuka nikawafuate."

Hapo lundo likapasuka. Wakatoka wote kumi na mmoja, weupe kutoka unyweleni hadi ukuchani, wakipiga chafya walizozibana, wakiangukiana. Bibi mzee aliyesema ni mwisho wa dunia alipiga magoti, akidhani anaona wafu wanafufuka. Rinah alitoka wa mwisho. Nyusi zake zilikuwa pamba tupu.

"Mama," akasema polepole, "umesema uongo."

"Nimejisikia nikiusema."

Huko diko la mbele, wapiga kasia wa tishali walikuwa wameona bwana hayupo na maji yanashuka. Hawakuhitaji kuambiwa. Walilisukuma tishali juu ya tope, taratibu, kama watu wanaolaza mtoto, wakatupa makasia na kuingia kinamasini. Averett hakurudi. Jua lilikuwa bado halijatua pale kijana mmoja aliyepanda juu ya paa la ghala alipoanza kutaja anachokiona: moshi mmoja, miwili, minne, meli zinaingia mtoni, na hakuna mzungu hata mmoja njiani.

Sitaeleza yote yaliyofuata, kwa sababu mengine hayakuwa mazuri na sina haja ya kuyapamba. Watu waliingia nyumba kubwa. Mmoja alilala kitandani kwa mke wa bwana na viatu vyake vyenye tope, akitaka tu kujua kukoje. Phibby alitoka amevaa kofia ya manyoya na akaivaa hadi ilipooza. Minda aliwaambia wachukue chumvi, unga na mablanketi, waache vioo, nao walichukua vioo. Lakini jambo moja walilifanya pamoja, wazee kwa vijana. Waliiendea mashine ya kutoa mbegu, ile iliyokuwa ikimeza pamba yao kila mwaka na kutaka nyingine, wakaivunja kwa mashoka, wakaimba kila shoka liliposhuka. Minda alipewa shoka, akapiga mara moja tu. Wanasema meno ya chuma yaliruka hadi kwenye bustani. Kisha akaimba, kwa mara ya kwanza tangu Agosti, na watu wakanyamaza kidogo ili wamsikie.

Ijumaa walikula bata mzinga na viazi vitamu mchana kweupe, wamekaa mbele ya nyumba, na hakuna kengele iliyolia. Rinah aliuliza mara kumi kama Baba atakuja kesho. "Kesho ni Jumamosi," Minda alijibu kila mara, na kila mara kwa raha mpya, kwa kuwa safari hii asingehitaji karatasi wala kuondoka Jumapili.

Jumamosi walikwenda wote wawili diko la nyuma. Walikaa hadi maji yakajaa, yakapwa, yakajaa tena.

Habari ililetwa Jumapili na Tyra, mwanamke wa shamba la Limus, aliyekuja kwa miguu wakati maji yako chini. Alimkuta Minda mbele ya nyumba ya sala. Watu walikuwa wamejaa hadi nje, wamevaa kila walichokuwa nacho kizuri, maana ilikuwa Jumapili ya kwanza ambayo hakuna aliyewaruhusu.

"Mizinga iliponyamaza Alhamisi, Limus aliweka jembe chini," Tyra akasema. "Tukamwambia, wewe, huna karatasi. Akasema, leo sisubiri Jumamosi. Akachukua mtumbwi, akaja huku."

"Hakufika kwangu."

"Alifika dikoni, dada. Mimi nilikuwa ng'ambo nachokoa chaza, nikaona. Mzungu alitoka msituni na bastola, akaangalia huku na huku kama mtu aliyepotezwa, kisha akamwona Limus. Akaingia mtumbwini, akakaa nyuma yake. Limus akapiga makasia kuelekea bara." Tyra alitazama chini. "Hakuna risasi iliyolia. Hilo nakuapia."

Minda hakulia pale. Aliingia ndani. Mzee Smart, kiongozi wa sala, alikuwa ameanza wimbo na duara limeanza kuzunguka, nyayo zikiburuzwa sakafuni bila kupishana, mikono ikipiga, nyumba nzima ikitikisika kwa shangwe. Kwa sheria yetu, mwenye kosa hakai kwenye duara mpaka kosa lisikilizwe na wenzake. Minda alisimama katikati, na duara likasimama.

"Nimesema uongo," akasema. "Nataka nihukumiwe."

Watu walidhani anatania. Wengine walipaza sauti kwamba uongo ule ulikuwa baraka, kwamba wangemwomba aseme mwingine. Phibby, chini ya manyoya yake, alisema, "Kama huo ni uongo, mimi nimekosa pepo kwa kukohoa."

Mzee Smart aliinua mkono. "Minda, binti yangu, Farao aliwauliza wakunga wa Kiebrania habari za watoto, nao walimdanganya. Mungu hakuwakasirikia. Imeandikwa kwamba aliwajengea nyumba."

"Aliwajengea, Mzee. Yangu imepungua mtu."

Ndipo alipowaambia. Shangwe ilikatika. Rinah alikuwa amesimama mlangoni, na yeye ndiye aliyelia.

Walibishana muda mrefu. Baadhi walisema hana kosa, kwa kuwa hakujua Limus yuko dikoni. Hilo ni kweli, na mimi sioni mtu mwenye dhamiri ambaye angejibu vingine ghalani siku ile. Lakini Minda hakutaka kupunguziwa. Alisema kwamba mtu akisema kweli, yatakayofuata ni ya Mungu. Akisema uongo, yatakayofuata ni yake mwenyewe, yote, mema na mabaya. Alisema atayachukua yote mawili. Mzee Smart akamhukumu kukaa benchi la nyuma miezi mitatu, nje ya duara. Alikaa. Wale vijana kumi na mmoja walikwenda kukaa naye kila Jumapili, bila kuhukumiwa na mtu, na benchi likawa halitoshi.

Hakusema uongo tena. Rinah alijifunza kusoma na kuandika katika shule iliyofunguliwa kisiwani mwaka uliofuata, na baada ya vita aliandika barua kwenda kila mji wa bara waliousikia, akitaja urefu wa baba yake, kovu la kidole gumba, na jina la mama. Watu wengi walirudi wakitembea kutoka walikopelekwa. Limus hakurudi, wala hapakuja barua.

Uongo wa Minda uliokoa watu kumi na mmoja, na bintiye akiwa mmoja wao. Ulimgharimu mume wake.